Siku Pazi Alipopiga Mpira wa Mtukufu

Naomba nianze kwa kuisifu nchi yetu, maana ndivyo tulivyozoeshwa, na mtu akianza kusema bila sifa watu hugeuka kutazama nani amesimama nyuma yake. Nchi yetu ni nzuri. Ina milima, ina maziwa, ina barabara ya lami inayotoka Ikulu hadi uwanja wa tenisi wa Ikulu. Jina lake silitaji kwa sababu hubadilishwa kila Mtukufu anapoota ndoto mpya, na sijui leo ameamkaje.

Mimi nilikuwa mtangazaji wa michezo wa Redio ya Taifa. Nilikuwa. Mambo niliyotangaza ni mengi, na karibu yote yalikuwa ushindi wa mtu mmoja.

Mtukufu Mlezi wa Taifa ni mchezaji wa tenisi, na tangu ashike nchi hajafungwa hata gemu moja. Yeye ndiye mchezaji namba moja wa kila timu ya taifa, ikiwemo ile ya netiboli ya akina mama. Lakini tenisi ndiyo aliyoipenda, na kila Jumamosi alicheza na vijana wa timu ya taifa, mimi nikitangaza moja kwa moja, nchi nzima ikisikiliza kwa amri.

Watu wa nchi nyingine hudhani kumwachia mtu ashinde ni kazi rahisi. Si rahisi hata kidogo. Mtukufu alikuwa na kitambi cha heshima, na magoti yake hayakupenda safari. Mchezaji alipaswa kuupiga mpira kwa nguvu ya kutosha ili ionekane ni vita, kisha utue palepale ilipo raketi ya Mtukufu, kimo cha kiuno, asihitaji kuhamisha mguu. Ukienda kushoto kidogo, kosa. Ukienda kulia, kosa. Vijana wetu walifundishwa hivyo tangu shule ya msingi, na wale waliokuwa na tabia ya kupiga mpira mbali na mtu walihamishiwa kwenye riadha.

Fundi wa kazi hiyo alikuwa Pazi. Kijana mwembamba, mpole, hasemi mpaka asemeshwe. Nimemwona akiuweka mpira kwenye raketi ya Mtukufu wakati Mtukufu anajikuna mgongo. Siku moja Mtukufu alikuwa ameweka raketi chini ili afunge kamba ya kiatu, Pazi akaupiga ukaigonga ile raketi pale chini, ukaruka, ukarudi juu ya neti. Pointi ya Mtukufu. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo lazima nilieleze mapema. Mtukufu akisema kitu ni chake, ni chake. Hakuna sheria iliyoandikwa, ni mazoea tu. Aliwahi kupita karibu na ghorofa moja kule mlimani akasema "Yangu," wenyewe wakawa wamefunga virago kabla msafara haujakata kona. Aliwahi kualikwa harusini, akamtazama bibi harusi, akasema "Wangu." Bwana harusi aliendelea kula pilau lake huku machozi yanamtoka, akitabasamu kwa ajili ya mpiga picha. Na uwanjani ni vilevile. Wakicheza wawili wawili, mpira ukija katikati, Mtukufu akipaza sauti "Wangu!", mwenzake hushusha raketi na kusimama wima kama wimbo wa taifa unapigwa.

*

Pazi alikuwa na kaka yake, Mikidadi. Huyu ndiye aliyemshikisha Pazi raketi kwa mara ya kwanza, na yeye pia alicheza Jumamosi na Mtukufu, akafungwa vizuri tu kama wengine. Mpaka siku moja, sijui alikuwa na nini, akaanzisha mpira ukapita. Mtukufu hakuugusa. Ulipita pembeni mwa sikio lake, ukagonga mstari ukatoa vumbi, ukaenda kulala kwenye maua ya waridi.

Mimi kwenye maikrofoni nilianza kuelezea hali ya hewa.

Waziri wa Michezo na Utiifu, Mheshimiwa Dakta Kinyogoli, alimkimbilia Mikidadi akiwa na njia ya kumwokoa. "Mwanangu, sema ulikuwa nje. Sema tu nje, tuendelee."

Mikidadi aliutazama mstari. "Umegusa mstari, Mheshimiwa. Vumbi lile pale."

Alishtakiwa kwa kosa la kumpita Mkuu wa Nchi kwa kasi bila kibali. Hakimu alisema kwa kuwa kasi ile ilitoka miguuni, adhabu nayo ianzie miguuni. Kisha akapelekwa gerezani kwa muda usiotajwa. Na Jumamosi iliyofuata Pazi alikuwa uwanjani kama kawaida, akiuweka mpira kwenye raketi ya mtu aliyemfunga kaka yake, kimo cha kiuno, bila kukosea. Nilitangaza kwamba kijana yuko katika kiwango kizuri. Alikuwa hajala tangu Alhamisi.

*

Ndipo likaja Kombe la Mataifa.

Hili ni shindano la tenisi la wanaume, nchi kwa nchi. Safari ile kura ilitukutanisha na jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, na mechi zikapangwa kufanyika kwetu: mbili za mmoja kwa mmoja, na ya tatu ya wawili wawili. Atakayeshinda mbili anasonga mbele. Mwamuzi alitoka nchi ya mbali, ambako inasemekana rais wao hupanga foleni dukani. Tulimhurumia.

Mheshimiwa Kinyogoli alitoa hotuba. "Ndugu wananchi, taifa lenye Mlezi asiyefungwa haliwezi kuwa na watoto wanaofungwa. Tenisi ni uzalendo unaodunda!" Tulipiga makofi. Kisha alimwita Pazi pembeni, mimi nikiwa karibu nakunja nyaya zangu.

"Mtukufu amekukumbuka. Timu ikishinda, kaka yako anatoka."

Pazi alimtazama. "Anatoka kabisa, Mheshimiwa?"

"Anatoka kabisa. Anarudi kwa mama yake."

Mama yao alikuwa hai, anauza vitumbua nyuma ya soko. Alipoambiwa habari hiyo hakulia wala hakushukuru Mungu kwa sauti. Alimfuta Pazi unga begani, akamwambia, "Baba, niletee kaka yako," basi, akageuza kitumbua kilichokuwa kinaungua.

*

Mechi ya kwanza alicheza Sajini Mbaruku wa Jeshi, mzoefu wa Jumamosi nyingi. Nilijitahidi kuitangaza kwa matumaini. "Sajini anapiga! Ah, mpira safi kabisa, moja kwa moja kwenye raketi ya mgeni! Mgeni hahitaji hata kusogea! Ufundi huo, wasikilizaji!" Mgeni alikuwa jitu refu lenye kofia. Mwanzoni alishangaa, akadhani ni mtego, kisha akazoea na kuanza kutabasamu. Ilipokwisha, hata jasho halikumtoka. Alimkumbatia Sajini akamuuliza kama anaweza kwenda kwao kuwa mwalimu wa watoto wadogo.

Mechi ya pili ilikuwa ya Pazi. Seti ya kwanza ilikwenda vilevile. Nilimwona akikaza mkono apige mbali, lakini mkono ulikuwa umeshafundishwa. Kila mpira ulimtafuta mgeni, ukamkuta, ukamwingia kwenye raketi. Walipokwenda kupumzika, Pazi alikaa kwenye kiti akaitazama mikono yake. Nahodha wetu, Mheshimiwa Kinyogoli mwenyewe, alimpa maji na kumkumbusha kwamba Mtukufu anatazama.

Alinieleza baadaye, tulipopata muda mwingi wa kuongea, kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomfungua. Mtukufu anatazama. Akajisemea, basi ngoja nimchukue Mtukufu nimweke kule pembeni kushoto, nyuma kabisa, mahali ambapo huyu mgeni hayupo. Akamweka kichwani, na kitambi chake, na raketi yake kimo cha kiuno. Akampigia.

Mpira ukatua pale kwenye kona tupu. Mgeni akabaki ameduwaa.

Pazi akamhamisha Mtukufu. Kona ya kulia. Karibu na neti. Nyuma tena kushoto. Popote mgeni alipokosekana, Pazi alimsimamisha Mtukufu, na mkono ukafanya kazi uliyofundishwa maisha yake yote. Nilisahau hotuba, nilisahau hali ya hewa, nikatangaza tenisi. Watu walisimama. Nilisikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika uwanja ule, watu wakishangilia kabla hawajaambiwa. Pazi akashinda mechi, nchi kwa nchi tukawa sare, naye alikuwa analia na kucheka, akasema kwa mdomo bila sauti, nikausoma kutoka kibandani kwangu cha matangazo: kaka.

*

Ikabaki mechi ya wawili wawili, Pazi na Sajini Mbaruku. Wangeshinda. Naapa wangeshinda, maana wakati wa mapumziko Pazi alikuwa amemfundisha Sajini ile mbinu, na Sajini alikuwa tayari anacheka peke yake.

Lakini Mtukufu alikuwa ameisikia ile shangwe ya watu, akataka kujua ilikuwa ya nani. Aliposikia ilikuwa ya Pazi, aliomba viatu vyake. Sajini aliambiwa goti linamuuma, akaanza kuchechemea kwa utiifu mkubwa, akasahau tu ni lipi, akawa anabadilisha. Mwamuzi aliuliza kama huyu mzee ni mchezaji wa timu. Akaambiwa ni namba moja. Kweli ilikuwa hivyo, kanuni ikaruhusu.

Msiba ulianzia hapo. Mbinu ya Pazi iligoma. Hakuweza tena kumsimamisha Mtukufu ng'ambo ya neti, kwa sababu Mtukufu alikuwa hapa, pembeni yake, anahema na kunukia marashi. Mpira wa kwanza aliopiga Pazi ulikwenda moja kwa moja kwenye raketi ya Mtukufu, upande wetu huohuo. Wageni walisubiri kwa adabu, wakidhani ni desturi ya ufunguzi.

Na wale wageni, kwa kuwa hawakulelewa kwetu, walipiga mipira mahali ambapo Mtukufu hakuwepo. Mheshimiwa Kinyogoli alisimama akapinga kwa mwamuzi. "Kisheria," alisema, "hakuna mahali ambapo Mtukufu hayupo." Mwamuzi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba akae.

Basi Pazi akakimbia. Sina namna nyingine ya kusema. Alikimbia kushoto, alikimbia kulia, alizunguka nyuma ya Mtukufu na mbele ya Mtukufu, akaokota mipira yote ya nchi hii. Mbinu aliiacha, akawa anapiga tu, ovyo, kwa nguvu, vidole vinatoka damu. Mtukufu alisimama katikati akipunga mkono kwa wananchi. Wakapoteza seti, wakapata seti. Katika seti ya mwisho wakawa sawa, kisha Pazi akawavuta mbele, mpaka ikafika pointi ya mechi. Pointi moja, Mikidadi arudi nyumbani.

Mgeni mrefu aliuinua mpira juu, juu sana. Ulikuwa unashuka katikati yao. Mtukufu alitazama juu, jua likampiga machoni, akayumba. Akanyoosha raketi upande ambao mpira haukuwepo. Akapaza sauti.

"Wangu!"

Nilimwona Pazi. Nilikuwa nimemtazama Jumamosi zote zile na sikuwahi kumwona hivyo. Mkono wake ulianza kushuka wenyewe, kwa mazoea, raketi ikaelekea chini. Miguu ikaanza kujiunganisha isimame wima. Kisha akapiga hatua moja mbele ya Mtukufu, akaupiga.

Uligonga mstari ukatoa vumbi.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga kelele kwenye redio, nchi nzima ikasikia: "Pazi! Amepiga Pazi! Tumeshinda!"

Nyuma ya soko mama yao alisikia, akapiga vigelegele peke yake. Majirani walifunga madirisha.

*

Uwanjani hakuna aliyeshangilia. Wageni walikuja kwenye neti kutoa mkono na hawakupewa. Mtukufu alikuwa ameinama, anatafuta kitu kwenye nyasi, kumbe anaficha uso. Alikuwa amenuna. Na msamaha, Mheshimiwa Kinyogoli alieleza kwa huzuni ya kiserikali, ni zawadi ya Mtukufu, na mtu aliyenuna hatoi zawadi.

Pazi alishtakiwa kwa kumpokonya Mkuu wa Nchi mpira alioutaja kuwa ni wake. Mimi nilishtakiwa kwa kutangaza tukio kabla halijaamuliwa. Gazeti la kesho yake liliandika kwamba pointi ile ilipigwa na Mtukufu kwa mkono wa mbali. Nchi ikasonga mbele katika Kombe la Mataifa, ikajitoa, kwa kuwa ilikuwa imebaki bila mchezaji.

Gereza letu ni zuri pia. Tulipofika walinzi waliniita Redio. Pazi hakuwauliza jambo jingine, aliuliza tu kaka yake yuko wapi. Wakamwonyesha uani.

Mikidadi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miguu yake ilikuwa mbele yake, lakini haikuwa tena ya kusimamia. Alikuwa anakohoa. Alimtazama Pazi, akasema, "Nilisikia. Mlinzi alikuwa na redio. Uligusa mstari?"

"Uligusa, kaka."

"Vumbi lilitoka?"

"Lilitoka."

Mikidadi akaitikia kwa kichwa. Pazi akapiga magoti akaweka kichwa kwenye yale magoti yasiyofanya kazi, akalia, akasema, "Nilikuwa nakuja kukutoa." Kaka yake akampapasa nywele. "Umekuja," alisema.

Soksi zangu zikafungwa zikawa mpira. Kandambili mbili zikawa raketi. Kila asubuhi tukitolewa uani Pazi alisimama hatua chache kutoka kwenye ile ndoo, akampigia kaka yake, na mpira ukatua palepale kandambili ilipo, kimo cha mkono wa mtu aliyekaa, asihitaji kujinyoosha. Mikidadi akaurudisha.

Siku za mwanzo alikasirika. "Pazi, usinifanye mimi Mtukufu."

"Sijakufanya."

"Unanilengea."

"Nakulengea, ndiyo. Yule nilikuwa namwogopa. Wewe nataka tu urudishe."

Mikidadi alikohoa, akafuta mdomo kwa mkono wa shati. "Lete basi. Ila usinipe nyepesi mno."

Nami nikatangaza, maana ndiyo kazi ninayoijua. Wafungwa walikaa ukutani wakasikiliza, na walinzi wawili watatu nao. Sijawahi kutangaza mchezo mzuri kuliko ule, wala sijawahi kuwa na furaha nikiwa na huzuni kiasi kile. Hakuna aliyeshinda. Mpira ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi, na kikohozi kikiuvuruga Pazi aliusubiri.

Kikohozi kikazidi. Tuliomba daktari, tukaambiwa daktari yuko kwenye mazoezi ya Mtukufu. Kila siku mkono wa Mikidadi uliishia chini kidogo kuliko jana yake. Pazi aliushusha tu mpira ufuate mkono. Kifuani, kisha tumboni, kisha mapajani. Mama yao aliposimama getini na bakuli lake la vitumbua, alirudishwa. Mlinzi mmoja alimwambia vijana wanacheza, asiwe na wasiwasi.

Asubuhi ile tulimtoa Mikidadi kwa kumbeba, tukamwegemeza ukutani kwa sababu ndoo ilikuwa imemshinda. Kandambili ilikuwa mapajani, mkono juu yake. Alikuwa anamtazama mdogo wake. Nikaanza kutangaza kwa sauti ya chini. Pazi akapiga, taratibu, vizuri kuliko siku zote. Mpira ukashuka, ukatua katikati ya ile kandambili, ukatulia.

Haukurudi.

Pazi alisubiri. Alikuwa ameinama kidogo, kandambili yake mkononi, tayari. Wafungwa wote walinigeukia. Kwa kanuni za tenisi, za kwetu na za nchi yoyote, mpira usiporudi pointi ni ya aliyepiga. Ilikuwa pointi ya Pazi, na mtangazaji nilikuwa mimi. Sikuitangaza.